Unga Mweupe wa Kiangazi Kile

Mwezi uliopita nilimwaga uani sufuria nzima ya bugali, ugali wetu wa mihogo, mbele ya wageni wa mume wangu. Walikuwa watu watatu wa heshima, wameshanawa mikono, na mmoja wao alikuwa ndio kwanza amemaliza kuombea chakula. Binti yangu wa miaka kumi na mitatu ndiye aliyepika, mara yake ya kwanza kuachiwa jiko peke yake. Alipotua chakula barazani, mgeni mmoja aliusifu weupe wa ule bugali. Niliinuka, nikamuuliza mwanangu mihogo ilikaa majini siku ngapi, akaniambia mbili. Basi nikaibeba sufuria ikiwa ya moto hivyo hivyo, nikaenda kuimwaga, na kuku waliokuja mbio nikawafukuza kwa mawe.

Binti alilia mpaka jioni. Mume wangu hakunisemesha siku mbili nzima, naye si mtu wa kununa. Mtaa wetu hapa Kasongo haukosi midomo, na kesho yake asubuhi kisimani nilisikia kwamba nimeanza kurukwa na akili. Mdogo wangu, anayeishi kwetu na kushona nguo za watoto, alikuwa amekaa mlangoni na fimbo zake mbili zimeegemea ukuta. Aliona yote. Aliniangalia, kisha akainamisha kichwa kwenye cherehani yake ya mkono.

Basi wanaodai maelezo, haya hapa. Bugali wa namna ile ndio uliochukua miguu ya mdogo wangu. Mpishi nilikuwa mimi.

Tulizaliwa kwenye barabara ya kwenda Wamaza, upande wa Kabambare, mahali ambapo barabara inateremka kwenye tope na kupanda tena kwenye mawe. Baba alikuwa fundi wa pikipiki. Hakuhitaji kutafuta kazi, barabara ilimletea. Kila siku kabla ya saa sita kulikuwa na pikipiki moja au mbili zimelazwa mbele ya nyumba, na wenye nazo wamekaa barazani wakisubiri. Saa sita ikifika huwezi kumwambia mtu aliyetoka mbali, mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, kwamba akale kwao. Kwa hiyo wanaume walikula barazani na baba, wawili leo, watano kesho, na sisi tulikula jikoni tukijua tu idadi ya midomo kwa kusikia vicheko vyao.

Mpangilio wa chakula ulikuwa mmoja na hakuna aliyeuhoji. Samaki au ndagala, yaani dagaa, kama wapo, walikwenda barazani. Mama, na shangazi kama amekuja, walipata kidogo kilichobaki. Watoto tulipata mchuzi, na ukiwa na bahati mchuzi una magamba. Mtoto wa kike anayelilia samaki aliambiwa anataka kuolewa na bakuli. Tulicheka, hata mimi nilicheka. Lakini mpishi ana lake: lazima aonje chumvi. Nitaliweka hili wazi mapema, maana nisipolisema sasa nitatafuta namna ya kulipita.

Mihogo yetu ilikuwa michungu. Watu wa mjini wananiuliza kwa nini mtu apande mihogo michungu wakati mitamu ipo. Jibu ni kwamba mitamu hujipandii wewe, unawapandia nguruwe wa porini. Michungu hakuna mnyama anayeisogelea. Ila ina sumu, na kila mtoto wa kike kwetu anafundishwa kuitoa hiyo sumu kabla hajafundishwa kusoma. Unaizamisha kwenye kidimbwi kando ya mto, unafunika kwa majani na mawe, unaiacha siku nne. Siku ya nne ukiibonyeza kidole kinazama, ganda linateleza lenyewe, na harufu yake unaijua kwa mbali. Hapo ndipo unaanika, unatwanga, unachekecha. Unga unaotoka una rangi ya kijivu kidogo na uchachu. Si mzuri wa kutazama.

Mwaka ule, mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu kama binti yangu sasa, mama alijifungua kwa shida sana mwanzoni mwa kiangazi. Kwetu mzazi hapiki chakula cha wanaume mpaka siku arobaini zipite, na mama alipoteza damu nyingi, hata arobaini ilipokwisha alikuwa bado anashika ukuta akitembea. Shangazi, dada yake baba, alikuja kumhudumia. Jiko likawa langu. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilifunga kitambaa kichwani kama mama, nikaanza kuwaamrisha wadogo zangu kwa sauti yake.

Mdogo wangu wa miaka saba nilikuwa naye kila mahali. Hakuna aliyempa kazi hiyo, alijipa mwenyewe. Nikienda mtoni na beseni kubwa, yeye yuko nyuma na beseni dogo. Nikikemea watu, yeye anakemea baada yangu maneno yale yale. Shangazi alimwita mkia wangu.

Shida ilianzia mtoni. Kiangazi kile watu wengi waliokimbia vijiji vyao kwa ajili ya vita walikuwa wanapita njia yetu, wengine na magodoro kichwani, wengine bila kitu. Walipita kimya, na ukimya wao ulitutisha kuliko kama wangepiga kelele. Wakawa wanalala porini karibu na maji. Wiki ya pili ya upishi wangu nilikwenda kutoa mihogo siku ya nne, nikakuta mawe yamepangwa vizuri pembeni na kidimbwi ni kitupu. Siwalaumu leo. Siku ile niliwalaani mmoja mmoja. Saa sita tulikuwa hatuna bugali, na barazani wapo watu wanne. Baba aliinuka, akawaongoza wageni wake kwenda kula kwa jirani. Niliitazama migongo yao ikivuka barabara. Shangazi alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mama chumbani kwamba nyumba hii sasa inapikiwa na kitambaa cha kichwa.

Wiki iliyofuata wakaiba tena.

Mimi nina hasira za haraka, na kiburi changu ni kikubwa kuliko hasira. Nilikata shauri kwamba baba hatavuka ile barabara tena kwa ajili yangu. Nikaanza kutoa mihogo siku ya pili, kabla ya wezi kuona kwamba imelainika. Ilikuwa bado migumu. Niliimenya kwa kisu, nikaikatakata vipande vidogo, nikaianika kwenye paa la jiko ambapo jua la kiangazi lilikuwa kali. Ilikauka vizuri mno. Kutwanga kulikuwa kazi, mikono ilinitoka malengelenge, lakini unga uliotoka sijapata kuuona. Ulikuwa mweupe kabisa, hauna ile harufu.

Saa sita ya kwanza ya unga ule naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Baba alimega tonge, akalitazama, akawaambia wageni kwamba ni binti yake huyo. Shangazi, ambaye hajawahi kumsifu mtu bila kumuumiza mwingine, alisema, "Angalia bugali ya huyu mutoto. Iko mweupe kupita ya mama yake."

Mama alisikia kitandani. Akaniita, akataka kuuona unga. Aliuchukua kidogo kwenye kiganja, akaunusa, akaulamba kwa ncha ya ulimi. Alikaa nao mdomoni muda mrefu.

"Ile mihogo ilibakia mu maji siku ngapi?"

"Siku ine, mama."

Alinitazama. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, ameshika nguo yangu. Nikasema tena kwamba ni siku nne, kwamba weupe umetokana na jua. Mama alikuwa amechoka, mtoto mchanga akaanza kulia, na habari ikaishia hapo.

Tukaula unga huo karibu miezi miwili. Ukali wake ulikuwepo, uchungu mdogo unaobaki nyuma ya ulimi, lakini wanaume walikuwa wanautelemsha na samaki na pilipili. Sisi jikoni tulikuwa na sombe ya majani ya mihogo na mchicha wa lengalenga, na siku nyingine mchuzi wa mafuta ya mawese mtupu, kwa sababu kiangazi kile wafanyabiashara wa samaki waliogopa njia na ndagala waliofika walikuwa wachache. Hao wachache walikwenda barazani. Na mimi nilionja chumvi. Nilionja mara moja, nilionja mara mbili, nilifunika sufuria kwa mgongo wangu nikaonja tena, na kila nilipoonja ndagala mmoja alipungua. Mdogo wangu alikuwa anapuliza moto hapo hapo, macho yamejaa moshi, akaniona. Nilimwambia mpishi lazima aonje. Akakubali, kwa kuwa nililisema mimi.

Dalili zilikuwepo, wala sidai kwamba hazikuwepo. Baada ya kula, watoto walilala mchana kweupe, jambo ambalo halikuwa kawaida yetu. Mdogo wangu alisema kichwa kinazunguka. Siku mbili tatu alitapika nyuma ya jiko na shangazi akasema ni minyoo, akamtafunisha mbegu za papai. Kisha mbuzi wa jirani alikutwa amekufa karibu na rundo la maganda yangu, tumbo limevimba, povu mdomoni. Watu walisema ni nyoka. Walimtafuta nyoka huyo nusu siku kwa fimbo na mapanga, wakafyeka uwanja mzima, na mimi nilisimama pamoja nao nikiwaonyesha mahali pa kutafuta. Jioni ile niliyafukia maganda yote. Sikumwambia mtu, na kesho yake nikapika unga ule ule. Nilikuwa naogopa. Lakini nilichokuwa nakiogopa zaidi ni migongo ya wale wanaume wakivuka barabara.

Siku moja tulikwenda shambani kung'oa mihogo, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi na mzigo. Mdogo wangu alibeba wake mdogo. Njiani kurudi alianza kukaa chini kila baada ya kilima, akisema miguu imekuwa mizito. Nilimwambia asinichoshe. Alipozidi kukaa, nikamfinya mkono, na akatembea.

Kesho yake saa sita nilimtuma barazani na maji ya kunawa. Kazi hiyo aliipenda kwa sababu wageni walimuuliza jina. Nilikuwa mlangoni, nimeshika sahani, nikamwona akienda kwa hatua za ajabu, kisigino hakigusi chini. Magoti yalikuwa yanatetemeka. Alifika katikati ya uwanja, akaanguka na jagi, maji yakamwagikia vifaa vya baba. Baba alimgombeza kwa mchezo wa kijinga mbele ya watu. Na mimi nikatoka nikamgombeza pia, ili baba asikie kwamba namgombeza. Alijaribu kuinuka, akaanguka tena, akajaribu. Alikuwa anacheka kidogo, kama mtu anayeona miguu yake inamtania. Wageni nao wakacheka. Alipojaribu mara ya nne alikuwa hacheki tena, wala wao.

Asubuhi hakuweza kusimama kabisa. Miguu ilikuwa imekakamaa, imepishana kama mkasi, na ukiitenganisha inarudi. Haikuwa na maumivu, alisema. Aliniuliza kwa nini sitoki kwenda mtoni.

Siku zilizofuata nyumba ilijaa watu. Mzee mmoja alimkanda kwa mafuta. Akina mama wa kanisani walimwombea kwa zamu. Shangazi alikuwa na hakika kwamba kuna mtu aliyeweka kitu njiani kwa wivu wa kazi ya baba, na alianza kuwataja watu kwa majina, majirani waliokuwa wakitupatia moto na chumvi maisha yao yote. Niliwasikiliza. Nilijua neno moja ambalo lingewanyamazisha wote, na nilipika saa sita, nikaosha vyombo. Ila siku ile ya kwanza niliumwaga unga wote mweupe chooni, nikaazima mwingine kwa jirani, nikazamisha mihogo mingine, na kila nilipotoka jikoni nilikwenda kukaa pale kidimbwini mimi mwenyewe na panga mpaka siku ya nne. Nikajiambia nimesharekebisha.

Mwishowe mama alisema basi maombi yametosha. Alikuwa bado hana nguvu, lakini alijifunga kichanga mgongoni, mimi nikambeba mdogo wangu, tukatembea saa nzima mpaka kituo cha afya. Baba alibaki na pikipiki ya mtu. Sidhani kama ilikuwa kazi iliyomzuia. Alikuwa hawezi kuitazama ile miguu.

Muganga, yaani tabibu wa pale kituoni, alikuwa kijana mpole, sauti ya chini. Alimlaza mdogo wangu mezani, akagonga magoti yake kwa kinyundo kidogo, na miguu ikaruka kwa nguvu. Akarudia. Akamuuliza mama tunakula nini saa sita, na pamoja na nini. Mama akamjibu. Ndipo akasema kwamba ugonjwa wa namna hii aliuona upande wa Lusangi, katika nyumba ambazo mihogo ilitolewa majini mapema na watoto hawakupata samaki. Baadaye, nikiwa mtu mzima, nilijua kwamba unaitwa konzo. Siku ile hakuutaja kwa jina. Alisema tu, akimwangalia mama, "Haizidi, mama. Lakini hairudi."

Mama hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa: hatatembea tena kama zamani.

Kisha akauliza mihogo yetu inakaa majini siku ngapi. Mama alijinyoosha, akasema siku nne, kwa fahari ya mtu aliyelea vizuri, akasema binti yake huyu anaijua kazi kuliko wasichana wote wa barabara ile. Muganga alinigeukia. Kalamu ilikuwa juu ya daftari. Nilifungua mdomo nikasema, "Siku ine."

Hakuniamini. Nilimwona haniamini, na nilimchukia. Akaiweka kalamu chini, akachuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wa mgonjwa, kwa sababu watu wote wanajua kwamba mtoto wa miaka saba anasema alichokiona. Akamuuliza kama huwa anakwenda mtoni na dada yake. Akaitika kwamba huenda kila mara. Akamuuliza basi mihogo hulala majini siku ngapi kabla ya kuitoa.

Mdogo wangu alinitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu. Alitoa mkono chini ya kitenge, akanyoosha vidole vinne, akavihesabu kimoja kimoja kwa mkono mwingine ili muganga asikosee.

Muganga akaandika nne. Akasema basi huenda ni kitu kingine, labda uti wa mgongo, tumpeleke Kasongo kwenye hospitali kubwa tukipata njia. Angejua ukweli angekwenda nyumba kwa nyumba, maana kiangazi kile mihogo haikuibwa kwetu tu, na sikuwa msichana pekee mwenye kiburi. Kama kuna watoto wengine walioanguka na jagi la maji, sikuuliza. Mpaka leo sijauliza.

Tulirudi kwa mguu. Mama alitangulia na kichanga, akitembea haraka kuliko uwezo wake. Mimi nilikuwa nyuma na mdogo wangu mgongoni, miguu yake imekakamaa pande zote mbili za kiuno changu, migumu kama vijiti vya kuni. Nilifikiri amesinzia. Kisha nikahisi mdomo wake sikioni.

"Yaya," alisema polepole ili mama asisikie; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Sikusema."

Nilimpandisha juu kidogo mgongoni. Tulipanda kilima chote, na yeye alinipa muda, halafu akauliza kile ambacho, nadhani, aliona sasa ana haki ya kukiuliza.

"Basi kesho nitasimama?"

Nikamwambia ndiyo, kesho.